Mashauriano ya Mtu Mmoja: Kenya Ilivyompata Jaji Mkuu wa 2011

Ijumaa ya Januari 28, 2011, Ikulu ya Nairobi ilitoa taarifa fupi yenye majina manne. Jaji Alnashir Visram wa Mahakama ya Rufaa awe Jaji Mkuu. Profesa Githu Muigai awe Mwanasheria Mkuu. Wakili Kioko Kilukumi awe Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. William Kirwa awe Msimamizi wa Bajeti. Upande wa Rais Mwai Kibaki ulishikilia kwamba Waziri Mkuu, Raila Odinga, alishirikishwa. Raila akaruka futi mia: kuonana tumeonana, ila kukubaliana hatukukubaliana.

Kasheshe yote iliyofuata, wiki tatu na ushei, ilining'inia kwenye neno moja: mashauriano. Mtoto wa darasa la sita aliyesoma mnyambuliko wa vitenzi atakwambia kwamba ile -ana ya mwisho haimkubali mtu mmoja. Mtu hapigani peke yake, wala haoani peke yake. Unaweza kumshauri mwenzako, unaweza kumwarifu, unaweza hata kumpigia simu akiwa njiani na ukakata kabla hajajibu. Kushauriana ni jambo la wawili. Bahati mbaya mawakili walibishana juu ya katiba iliyoandikwa kwa Kiingereza, na neno walilolitumia huko halina -ana ya kumbana mtu. Ndani ya mwanya huo Ikulu ilipitisha majina manne.

Ili kuelewa kwa nini kiti cha Jaji Mkuu kiliwatoa watu jasho kiasi hicho, turudi jioni ya Jumapili, Desemba 30, 2007. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, alimtangaza Kibaki mshindi mbele ya kamera za shirika la habari la serikali peke yake. Muda mfupi baadaye, giza likianza kutanda kwenye bustani ya Ikulu, Jaji Mkuu Evan Gicheru alikuwa amekwishafika, joho mwilini, Biblia tayari. Kiapo kikaliwa kwa taa. Wakenya wengi wanaikumbuka picha hiyo kuliko takwimu za kura: Jaji Mkuu aliyekuwa tayari kabla ya nchi kuwa tayari. Upande wa Raila ulipoambiwa uende mahakamani, ulikataa katakata. Kwenda kumshtaki Kibaki mbele ya majaji wa Kibaki, walisema, ni kumpelekea fisi kesi ya mbuzi. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika miezi miwili iliyofuata na mamia ya maelfu wakahama makwao.

Na hawakuwa wakizua. Chini ya katiba ya zamani Rais alimteua Jaji Mkuu peke yake, bila bunge, bila usaili, bila kuulizwa. Daniel arap Moi alimpa kiti hicho Zacchaeus Chesoni, mtu aliyekuwa mwenyekiti wa tume iliyosimamia uchaguzi wa 1992 ambao Moi mwenyewe alishinda. Baada yake akaja Bernard Chunga, ambaye miaka ya themanini ndiye aliyesimama mahakamani kwa niaba ya serikali kuwashtaki watuhumiwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali ya Moi. Kibaki alipoingia 2003, Chunga akaondoka na kamati ya Jaji Aaron Ringera ikawanyooshea kidole majaji 23 na mahakimu 82 kwa ufisadi. Mtaani msemo ulikuwa mmoja tu: ya nini kuajiri wakili ilhali unaweza kumnunua jaji? Kibaki akasafisha nyumba, kisha akaijaza watu wake kwa njia ileile ya zamani. Gicheru alikuwa mmoja wao.

Katiba mpya iliyotangazwa rasmi Agosti 27, 2010 ilikuja kuukata mnyororo huo. Ibara ya 166 inasema Rais atamteua Jaji Mkuu na naibu wake kulingana na pendekezo la Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, na kwa idhini ya Bunge. Tume yenyewe ikasukwa upya: wajumbe 11, wakiwemo majaji na hakimu waliochaguliwa na wenzao, mawakili wawili waliochaguliwa na Chama cha Mawakili, Mwanasheria Mkuu, mjumbe wa Tume ya Utumishi wa Umma, na raia wawili wa kawaida wanaoteuliwa na Rais. Ukihesabu vizuri utaona kwamba Rais hana wingi ndani ya chumba hicho.

Lakini kila katiba mpya huwa na mlango wa nyuma uitwao masharti ya mpito. Jedwali la Sita lilimtaka Gicheru aondoke ndani ya miezi sita, yaani mwisho wa Februari 2011. Kuhusu wa kumrithi, kifungu cha 24 kilisema Rais atamteua kwa kuzingatia Mkataba wa Kitaifa, ule uliowagawia Kibaki na Raila serikali, baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, na kwa idhini ya Bunge. JSC haikutajwa kabisa. Hapa lazima tuwe wakweli, hata sisi tuliofurahia mwisho wa kisa: mawakili wa Ikulu hawakuwa wakiota ndoto za mchana. Ukikisoma kifungu hicho peke yake, bila kugeuza ukurasa, Kibaki alikuwa na hoja. Kasoro yake ni kwamba hata hicho kifungu chenye huruma kwake kilimpa sharti moja, nalo ndilo aliloliruka.

Kilichoongeza joto ni jambo ambalo halikuandikwa katika taarifa ya Ikulu. Katikati ya Desemba 2010, Luis Moreno-Ocampo, kiongozi wa mashtaka wa mahakama ya The Hague, alikuwa ametaja Wakenya sita kuhusu ghasia za uchaguzi. Upande wa Rais katika serikali ya mseto ulikuwa mbioni kuomba kesi ziahirishwe ili zisikilizwe nyumbani. Sasa hebu panga majina yale upya: Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, Mkurugenzi wa Mashtaka. Hao ndio watatu ambao kesi ya nyumbani ingepitia mikononi mwao. Labda Visram na wenzake hawakuwahi hata kuliwazia hilo. Wakosoaji waliliwaza, na siasa haikusubiri ushahidi.

Mambo yakaenda mbio. JSC yenyewe, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kazi, ilitamka kwamba uteuzi wa Jaji Mkuu haukufuata katiba. Mashirika ya kiraia, yakiongozwa na lile la kutetea haki za wanawake la CREAW, yakaenda Mahakama Kuu. Alhamisi ya Februari 3, Jaji Daniel Musinga alitoa uamuzi ambao ungefaa kufundishwa darasani kwa namna alivyotembea juu ya kamba. Hakuliamuru Bunge lisimame, kwa kuwa mihimili ya dola ina mipaka yake na jaji mwenye busara hauvuki mpaka kwa haraka. Alichofanya ni kutamka kwamba itakuwa kinyume cha katiba kwa afisa au chombo chochote cha serikali kuendelea na mchakato uliotokana na majina yale. Yaani, siwakatazi, ila mkiendelea mjue mnakanyaga wapi. Akagusia pia jambo ambalo wanaume wa Ikulu hawakuliona: majina manne, wanawake sifuri.

Bungeni, kamati zilizopewa majina ziligawanyika kwa mstari uleule wa PNU ya Kibaki na ODM ya Raila. Hapo macho yote yakamgeukia Spika Kenneth Marende. Februari 17 akasoma uamuzi mrefu na kuyatupa majina yote manne: uteuzi haukukidhi katiba, basi Bunge haliwezi kuuidhinisha. Siku tano baadaye, Jumanne ya Februari 22, Kibaki akayaondoa.

Kwa nini alirudi nyuma? Hadithi tamu ni kwamba katiba ilishinda, na magazeti yaliimba hivyo kwa wiki nzima. Mimi naona kilichoshinda kwanza ni hesabu. Serikali ilikuwa nusu mkate. Mkataba wa Kitaifa uliosimamiwa na Kofi Annan Februari 2008 ulimpa Raila nusu ya baraza la mawaziri, na Marende mwenyewe alikuwa amekalia kiti cha Spika kwa tiketi ya ODM, kwa kura 105 dhidi ya 101 za Francis Kaparo. Kibaki asingeweza kuyapitisha majina bila kuivunja serikali yake. Jaji Musinga alitoa sababu na Spika akatoa njia, lakini nguvu ya kumsimamisha Rais ilitoka kwenye ukweli kwamba meza ya serikali ilikuwa na viti viwili vya kichwa. Tuliweke hilo kumbukumbuni, litahitajika mwishoni.

Gicheru akaondoka mwisho wa Februari. JSC ikatangaza nafasi ya Jaji Mkuu gazetini, kama vile mtu anavyotafuta mhasibu. Watu wakatuma maombi, wakachujwa hadi kumi, na Mei 2011 wakaanza kuitwa mmoja mmoja. Kaimu mwenyekiti wa tume alikuwa Profesa Christine Mango, mwalimu wa chuo kikuu, si jaji. Na yote yakaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni.

Nakumbuka hoteli moja ya chai na mandazi, runinga juu ya friji, sauti imepandishwa mpaka mwisho. Jaji wa Mahakama ya Rufaa, mtu ambaye wiki iliyopita watu wote walisimama anapoingia, alikuwa ameketi kwenye kiti kimoja mbele ya meza ndefu, anaulizwa hukumu yake fulani ilichelewa kwa nini, na mali yake ameipataje. Mzee mmoja aliyekuwa akikoroga chai aliacha kijiko hewani. "Kumbe nao wanaulizwa," akasema, hakumwambia mtu. Nadhani hakuna ibara ya katiba iliyoieleza katiba mpya vizuri kuliko ile sentensi. Miaka hamsini tulikuwa tumewaona majaji kutoka upande wa chini wa kizimba.

Visram naye aliomba, akaketi kwenye kiti hichohicho. Ni yule aliyeletwa kwa mlango wa nyuma, sasa anabisha hodi mbele. Hakuna aliyekuwa na neno zito dhidi ya uwezo wake, na hilo ndilo linalouma katika kisa hiki: mtu mwenye sifa anaweza kuunguzwa na njia aliyopitishwa. Angeiomba nafasi hiyo kwa utaratibu tangu Januari, nani ajuaye.

Mei 13 JSC ikatoa majina mawili. Naibu Jaji Mkuu: Nancy Baraza, aliyekuwa makamu mwenyekiti wa Tume ya Marekebisho ya Sheria. Jaji Mkuu: Dkt. Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui, ambaye hakuwahi kuwa jaji hata siku moja. Alikuwa mhadhiri wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi hadi serikali ya Moi ilipomweka kizuizini bila mashtaka mwaka 1982. Baadaye akaongoza Chama cha Mawakili na kufanya kazi Ford Foundation. Kutoka Chunga aliyewashtaki wapinzani hadi Mutunga aliyefungiwa nao, kiti kile kilikuwa kimezunguka nusu duara katika miaka minane.

Kisha nchi ikaacha kuzungumzia sheria ikaanza kuzungumzia sikio. Mutunga alikuwa na kipuli, kidogo, sikio la kushoto. Alipoulizwa na waliomhoji, alieleza kwamba kina uhusiano na mizimu ya wazee wake, na kwamba kama sharti la kuwa Jaji Mkuu ni kukivua, basi kazi hiyo haitaki. Baadhi ya viongozi wa makanisa walikuja juu. Talaka yake ikaletwa mezani. Baraza naye akasakamwa kwa mada ya utafiti wake wa uzamifu, iliyohusu mashoga na sheria. Wakati huo hakuna aliyekuwa akiuliza Mahakama ya Juu itaamuaje kesi ya urais ndani ya siku 14, ambalo ndilo lililokuwa likija. Lakini nitasema neno la kutetea kelele zile. Chesoni hakuulizwa kuhusu kipuli kwa sababu hakuulizwa lolote. Ukifungua mlango kwa umma, umma unaingia na viatu vyake.

Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Abdikadir Mohammed iliwapiga msasa, Bunge likaidhinisha Juni 15, na Juni 20 wakaapishwa. Orodha ya majaji wengine watano wa Mahakama ya Juu ilipotoka (Philip Tunoi, Jackton Ojwang, Mohamed Ibrahim, Smokin Wanjala na Njoki Ndung'u), FIDA, chama cha mawakili wanawake, ilipiga hesabu ikaona wanawake wawili kati ya saba hawafiki theluthi moja inayotakiwa na katiba. Ikaenda mahakamani ikashindwa. Majaji walisema kanuni ile ni ya kutekelezwa hatua kwa hatua. Ajabu yake, nusu mwaka kabla, ukosefu wa wanawake ulikuwa umehesabiwa dhidi ya Kibaki.

Usaili wa wazi haukuwa kioo cha mganga pia. Mkesha wa mwaka mpya wa 2012, Naibu Jaji Mkuu Baraza aligombana na mlinzi wa kike kwenye maduka ya Village Market jijini Nairobi. Jopo lililoundwa kuchunguza likapendekeza aondolewe, na Oktoba 2012 akajiuzulu. Saa zote zile za maswali hazikuwa zimegusa swali la jinsi anavyozungumza na mlinzi mlangoni.

Hata hivyo, jambo moja lilibadilika. Machi 2013, Raila aliposhindwa tena, alikwenda Mahakama ya Juu. Akashindwa kwa kauli moja ya majaji, akasema hakubaliani nao lakini anauheshimu uamuzi. Yule aliyekataa mahakama 2007 aliikubali ilipomkata. Sioni namna ya kulieleza hilo bila kurudi kwenye majina manne yaliyotupwa Februari 2011.

Sasa ile hesabu niliyoomba tuiweke. Baada ya 2013 mkate haukuwa nusu tena. Uhuru Kenyatta na muungano wake wa Jubilee walikuwa na Ikulu na wingi wa Bunge, na meza ikabaki na kiti kimoja cha kichwa. Mwishoni mwa 2015 sheria ya JSC ikarekebishwa kimyakimya: kwa nafasi ya Jaji Mkuu na naibu wake, tume ipeleke majina matatu, Rais achague. Inaonekana jambo dogo. Lakini mwenye kuchagua kati ya watatu ndiye mteuzi, na aliyeleta watatu amegeuka mpishi wa menyu. Mutunga alikuwa karibu kustaafu, kwa hiyo marekebisho yalikuwa na jina la mtu ingawa hayakumtaja. Juni 2016, siku chache baada ya yeye kuondoka, Mahakama Kuu iliyatupa: Ibara ya 166 inasema pendekezo, si mapendekezo.

JSC ikahoji tena hadharani na kupeleka jina moja, David Maraga. Uhuru akamteua, na Oktoba 2016 akaapishwa. Haikutimia miezi kumi na moja kabla ya Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta ushindi wa Uhuru kwa kura nne dhidi ya mbili. Siku hiyohiyo, sokoni Burma, Rais akawaita majaji wakora.

Ilichojifunza Ikulu kutoka hapo ni kwamba kalamu haihitaji kukataa, inatosha kulala. Mwaka 2019 JSC ilimpelekea majina 41 ya majaji wa Mahakama ya Rufaa na mahakama mbili maalumu za ardhi na za kazi. Uhuru hakusaini, akidai baadhi wana doa. Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema Rais hana mamlaka ya kuchambua orodha ya JSC. Hakusaini. Mmoja wa waliokuwa kwenye orodha akafariki dunia akingoja. Juni 2021 akawateua 34 na kuwaacha sita, wakiwemo George Odunga na Joel Ngugi, majaji ambao hukumu zao zilikuwa zimeiudhi serikali. Sita hao walikaa mpaka Septemba 13, 2022, siku William Ruto alipoapishwa, akatangaza kwamba anawateua jioni hiyo. Kesho yake wakala kiapo.

Kibaki mwaka 2011 alizuiwa kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine mezani mwenye uwezo wa kusema hapana. Uhuru hakuwa na mtu huyo, alikuwa na maandishi na hukumu tu, na vilichukua miaka mitatu. Walioandika Ibara ya 166 walifikiria kila namna ambayo Rais angeweza kumpendelea mtu wake, wakaziba. Hawakufikiria Rais atakayeketi tu. Ibara hiyo inasema Rais atawateua majaji. Haisemi ndani ya siku ngapi, na mpaka leo haijaongezwa siku hata moja.